Kabla Msingi Haujakauka: Namna ya Kupinga Kibali cha Nyumba Mtaani Kwako

Wakazi wengi wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, hupata habari za nyumba mpya kutoka kwa lori la mchanga. Asubuhi linamwaga mzigo kwenye kipande ambacho watoto walikuwa wakichezea mpira, au kwenye nusu ya kiwanja cha jirani aliyeuza kimyakimya, na kabla wiki haijaisha zimeshafungwa kamba na mafundi wanachimba msingi. Ukimuuliza fundi, anakujibu kwamba bosi ana kibali. Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu wanaanza kumfuata bosi. Wanamsubiri Jumapili anapokuja kuona kazi, maneno yanakuwa makali, mwishowe mtu anatishiwa kupelekwa polisi. Lakini kibali hakutoa bosi. Kilitolewa na halmashauri, na uamuzi wa halmashauri una mahali pa kupingiwa na una muda wake.

Ushauri wangu kwa mkazi yeyote ni huu: pinga uamuzi, mwache mtu, na uwahi kabla ukuta haujasimama. Ukuta ukishafika usawa wa madirisha, kila ofisi huanza kuuonea huruma. Afisa atakuambia mwenzako ameshaingia gharama, mwenyekiti wa mtaa atawaomba myamalize kindugu, na hata wewe mwenyewe usiku utajiuliza kama una moyo wa kumbomolea mtu nyumba. Pingamizi lililofika wakati wa kamba na vigingi halimvunjii mtu chochote. Linamwokolea fedha yake.

Mambo haya yatazidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani, na ya 2022 ikahesabu 2,024,947. Dar es Salaam imejaa na inamwagikia huku, kwa Barabara ya Morogoro upande wa Kibaha na kwa Pugu upande wa Kisarawe. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ikisimama Pugu, Soga na Ruvu, na kila aliye na ekari mbili za mikorosho karibu na njia hiyo ameshatembelewa na dalali. Watu wanahitaji pa kuishi, na nyumba ya familia moja yenye ua na miembe miwili ni ndoto halali ya mfanyakazi yeyote. Kwa hiyo jiulize kwanza kama nyumba hiyo inavunja mpango ambao nyote mliununua pamoja na viwanja vyenu, au inakukera tu kwa kuwa ulizoea pori. Kama ni hilo la pili, mkaribishe jirani.

Nyumba ya kuishi huweza kupata ruhusa nje ya mpango kwa njia tatu. Mara nyingine ni kwa kubadili matumizi: kipande kilichotengwa kuwa eneo la wazi, shule, zahanati, soko au makaburi kinageuzwa kuwa makazi. Mara nyingine ni kwa kugawa kiwanja: kimoja kikubwa kinakatwa viwili au vitatu na kila kipande kinapata nyumba yake. Na mara nyingine kiwanja ni halali na matumizi ni halali, ila kibali cha ujenzi kimefumbia macho masharti, nyumba ikasogezwa hadi mpakani au ikala sehemu ya barabara ya mtaa. Ni muhimu kujua mnashughulika na lipi kati ya haya, kwa sababu barua inayolalamikia "ujenzi holela" wakati tatizo ni mgawanyo wa kiwanja itazungushwa ofisini miezi mitatu bila kumgusa anayehusika.

Hili la kugawa kiwanja watu hulidharau, nami naliona zito kuliko yote. Kwenye sehemu kubwa ya Kibaha na Kisarawe nyumba haina bomba la majitaka. Kila familia ina shimo lake, na nyingi zina kisima pia. Mtaa uliopangwa kwa viwanja vikubwa umepangwa ukijua hivyo: shimo huku, kisima kule, na udongo wa kutosha katikati. Kiwanja kimoja kikikatwa vitatu, mashimo yanakuwa matatu mahali pa moja, na shimo jipya linaweza kuangukia hatua chache kutoka kisima cha jirani wa nyuma, ambaye hakuulizwa. Zidisha kwa viwanja kumi vya mtaa mmoja. Halafu tazama mapaa: kila paa jipya ni maji ya masika yasiyozama tena ardhini, na huko Kisarawe kwenye vilima maji hayo hayasubiri ruhusa ya mtu. Yanachimba korongo katikati ya njia, yanaingia jikoni kwa aliye bondeni. Vilima vya Pugu ndivyo chimbuko la Mto Msimbazi, na walioishi bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wanajua maji ya huko juu yakikosa pa kuzama yanaishia wapi.

Sasa tuje kwenye mchoro, maana hapo ndipo watu hushinda au hupoteza vita hivi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, Sura ya 355, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1956, eneo la mpango huwa na mchoro wa mipango miji uliopitishwa. Wengi tunauita TP. Huu si ramani ya upimaji. Ramani ya upimaji inaonyesha bikoni na vipimo, mchoro unaonyesha kila kipande kimekusudiwa nini. Nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri, beba namba ya kiwanja na kitalu chako, omba kuuona mchoro wa eneo lenu na uombe nakala. Usiridhike kuonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta na kuambiwa "unaona, hapa ni makazi".

Ukiupata, usikimbilie kiwanja cha ugomvi. Anza na kona ya chini yenye maelezo: jina la eneo, namba ya mchoro, tarehe ya kupitishwa, sahihi. Kisha soma maelezo ya rangi na alama pembeni, ujue makazi yamechorwa vipi na eneo la wazi vipi. Tafuta kiwanja chako mwenyewe ndipo uhesabu kuelekea kile cha ugomvi, ukiandika namba za vyote vinavyokizunguka. Halafu uliza swali moja ambalo watu husahau: je, mchoro huu umewahi kufanyiwa marekebisho? Maeneo ya wazi hayaibiwi usiku kwa panga. Hupotea kwa marekebisho ya mchoro, ambapo toleo la zamani lina uwanja wa watoto na toleo jipya lina viwanja vinne mahali pale pale. Kama yapo, omba matoleo yote mawili pamoja na muhtasari wa kikao kilichopitisha. Tarehe ndizo zitakazosema. Marekebisho yaliyopitishwa baada ya nyumba kuanza kujengwa ni ushahidi mzito kuliko sahihi mia mbili za wakazi.

Ukinyimwa nakala, usigombane kaunta. Andika ombi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Ombi lililoandikwa likitaja sheria hiyo hushughulikiwa tofauti na la mdomo. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Kanuni hiyo ya muhuri ishike kwa kila karatasi utakayoipeleka popote. Barua isiyo na muhuri, siku ya shida, ni sawa na barua ambayo hukuiandika.

Wale mlionunua kwa kampuni za upimaji na kuuza viwanja, hasa Kisarawe, mna hazina ambayo wengi huitupa: tangazo lenyewe la mauzo. Siku ya kuuziwa mlionyeshwa mchoro wenye shule, zahanati, nyumba za ibada, uwanja wa michezo na barabara pana. Ndivyo vilivyofanya bei ikubalike. Miaka michache baadaye kipande cha zahanati kinauzwa kwa mtu wa kujenga nyumba, na yeye naye ameuziwa kwa nia njema. Tunzeni vipeperushi, risiti, mikataba na hata picha mlizotumiwa kwenye simu. Hiyo ni ahadi iliyoandikwa, na inawapa hoja dhidi ya muuzaji mbali na hoja mliyonayo kwa halmashauri.

Kabla hujaandika, safisha mikono. Wengi wanaopinga nyumba ya jirani wamejenga wao wenyewe bila kibali, au ukuta wao umekula mita moja ya barabara, au choo kimegusa mpaka. Mwanasheria wa upande wa pili hatatafuta kosa jingine, atapiga picha ukuta wako na kuuweka mezani. Haimaanishi kwamba mwenye kosa dogo hana haki ya kutetea uwanja wa watoto, la hasha. Ila ni bora anayetangulia mbele, anayetia sahihi ya kwanza, awe ni yule ambaye hati yake imenyooka na nyumba yake imekaa ndani ya masharti. Aliyezidisha ukuta aanze kuurudisha. Ni gharama, najua, lakini nimeona hoja nzuri zikizimwa na ukuta mmoja.

Pia chagua hoja. Zipo zinazosimama: mchoro unasema vingine, majirani hawakuarifiwa, kiwanja kinapungua kuliko kiwango kilichowekwa kwa eneo hilo, shimo la choo litakuwa karibu na kisima, njia ya maji inazibwa, gari la wagonjwa au la zimamoto halitapita, pana makaburi. Kama ni kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na sheria hiyo hiyo inampa mtu yeyote haki ya kuchukua hatua mazingira yake yanapohatarishwa, hata kama kiwanja si chake. Zipo na hoja zisizosimama, tena zinazochafua zile nzuri: kwamba mwenye nyumba ni mgeni, kwamba ni wa kabila au dini fulani, kwamba atatushushia hadhi kwa nyumba yake ndogo. Ziondoeni kwenye barua, na ziondoeni hata kwenye kundi lenu la WhatsApp, kwa kuwa yanayoandikwa humo husambaa na husomwa na wasiokusudiwa.

Barua yenyewe iwe fupi. Kurasa nne za masikitiko hazisomwi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Sisi wakazi wa Mtaa wa …, majina na namba za viwanja vyetu vimeambatishwa, tunapinga maombi ya kubadili matumizi ya kiwanja Na. …, Kitalu …, kutoka eneo la wazi kuwa makazi. Mchoro wa mipango miji Na. … uliopitishwa mwaka … unaonyesha kiwanja hicho ni eneo la wazi. Hatukuarifiwa wala kusikilizwa. Eneo hilo pia ndilo njia ya maji ya mvua kutoka upande wa …, kama picha za tarehe … zinavyoonyesha. Tunaomba ujenzi usimamishwe hadi pingamizi hili lisikilizwe, tupewe nafasi ya kueleza mbele ya kamati, na tupewe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake."

Angalia kinachofanyika humo. Kuna kiwanja, kuna mchoro, kuna kasoro ya utaratibu, kuna madhara yanayoonekana kwa macho, na kuna maombi yanayoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Jina la anayejenga halimo kabisa. Kuhusu kusikilizwa, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki hiyo pale mamlaka inapoamua haki za mtu, na utaratibu wa kubadili matumizi wenyewe unataka kusudio litangazwe ili wenye pingamizi wajitokeze. Kama tangazo halikubandikwa wala kuchapishwa, semeni hivyo. Kama lilibandikwa nanyi mkalipita kila siku bila kulisoma, msiseme uongo, jengeni hoja nyingine.

Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa mipango miji, diwani, mtendaji wa kata na ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa wa Pwani. Hakikisheni ni halmashauri sahihi. Kibaha zipo mbili, ya mjini na ya wilaya yenye makao yake Mlandizi, na Kisarawe ina yake. Kiluvya ndiyo inayochanganya watu kuliko kote: ipo Kiluvya ya upande wa Ubungo na ipo kata ya Kiluvya ya Kisarawe, na mtu anaweza kupoteza mwezi mzima akipigwa danadana kwa sababu alibisha hodi mlango wa jirani. Tazama hati au mauziano yako yametaja wilaya gani.

Kisha ujue kamati. Halmashauri ya mji ina kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Kwenye halmashauri ya wilaya, kama Kisarawe, mambo hayo hupita kwenye kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira. Diwani wako huenda asiwe mjumbe wa kamati hiyo. Muulize nani ni mjumbe, wanakaa lini, na kama suala lenu limo kwenye ajenda. Waalikeni waje waone eneo kabla ya kikao, hasa siku ya mvua. Dakika ishirini za diwani akiwa amesimama kwenye tope mlilolieleza zina thamani kuliko hotuba yoyote. Na kama mjumbe au mtumishi ana maslahi na kiwanja hicho, anapaswa kuyatamka na kukaa kando. Mkiwa na ushahidi wa rushwa, upelekeni TAKUKURU wenyewe ulivyo. Uvumi wa rushwa msiuweke kwenye barua ya pingamizi.

Vijijini Kisarawe hali ni tofauti kidogo, na wanakijiji wana nguvu wasiyoitumia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Si mwenyekiti peke yake mwenye muhuri mfukoni, na si wazee watatu chini ya mwembe. Mkutano Mkuu unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, na muhtasari wake ni mali yenu. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi uliotenga malisho, msitu au mashamba, basi nyumba za kisasa zinazoota katikati ya eneo hilo zinapaswa kuonyesha mkutano gani ulizipitisha. Ombeni daftari la mihtasari lisomwe mbele ya watu, na swali lenu liandikwe kwenye muhtasari wa siku hiyo. Wazee wanaojua mipaka ya zamani, ile ya mkorosho huu hadi mnazi ule, wawepo, na maneno yao yaandikwe wangali hai. Kumbukeni vilevile kwamba halmashauri ya kijiji iliyosajiliwa ina hadhi ya kisheria, inaweza kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Kesi ikifunguliwa kwa jina la mtaa, itaondolewa mapema kabla hata hoja haijasikilizwa.

Wakati haya yanaendelea, msiguse kitu. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai, kubomoa ukuta wa mtu ni kosa, kumzuia fundi kwa fimbo ni kosa. Mwenye mamlaka ya kusimamisha ni halmashauri, kupitia mkaguzi wake wa majengo, na ile alama nyekundu ya X ukutani ina maana ikiwekwa na anayehusika. Kazi yenu ni kumfikisha mkaguzi eneo la tukio na kuweka kumbukumbu: picha zenye tarehe kila hatua, kuanzia kamba hadi linta. Akija akasimamisha na ujenzi ukaendelea usiku, hizo picha ndizo zitakazosema.

Niseme kidogo kuhusu anayejenga, kwa sababu mara nyingi naye ni mhanga. Mwaka 2017 nyumba za pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamekaa hapo miaka mingi, wana umeme, wana maji, wanafanya biashara. Ruhusa hizo za umeme, maji na biashara hazikuibadilisha ardhi iliyotengwa kwa kazi nyingine. Anayejenga leo kwenye eneo la wazi anaweza kukutwa na hayo kesho kutwa, kwa hiyo mtumeni mtu mmoja mtulivu, mwenye nakala ya mchoro, amweleze mnachokijua na amwombe asimame hadi suala litatuliwe. Akimwita kaka au dada, na amaanishe. Nimeshuhudia mnunuzi akimgeukia muuzaji kudai fedha yake baada ya kuonyeshwa mchoro, na mtaa ukapona bila kikao hata kimoja.

Mambo yakishindikana, zipo njia za sheria, na hapa tafuteni mwanasheria mapema, maana njia zinatofautiana na muda unakimbia. Kama mgogoro ni kati yako na jirani, kwa mfano amevuka mpaka au amefunga njia, unaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama mnaishitaki halmashauri, hali ni nyingine: tangu 2020 mnatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kwa nyumba kupauliwa, kwa hiyo muulizeni mwanasheria kuhusu zuio la muda wakati notisi inakimbia. Mahakama zimekuwa zikilitoa kwa anayestahili. Vipimo vya zuio vinatoka kwenye kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: pawe na hoja nzito ya kuamuliwa, pawe na madhara yasiyofidika kwa fedha, na usumbufu wa kutozuia uwe mkubwa kuliko wa kuzuia. Kilicho bado shimo la msingi kinatimiza vipimo hivyo kirahisi kuliko nyumba yenye watu ndani.

Njia nyingine ni kuiomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wenyewe na kuutengua kwa sababu haukufuata utaratibu. Maombi ya ruhusa ya kufungua shauri la aina hiyo hufanywa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na ndiyo sababu tarehe ya uamuzi lazima muijue. Na mkiwa wengi, ombeni kwanza ruhusa ya mahakama ya kuwakilishwa na wachache, majina yote yakiwa yameorodheshwa. Mashauri ya wakazi yameanguka kwa kukosa hatua hiyo moja.

Msidhani mahakama haiwasikilizi watu wa kawaida. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga taka zilizokuwa zikimwagwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao, mamia kwa pamoja, wakaenda mahakamani. Nguzo mojawapo ya shauri lao ilikuwa mpango wa jiji lenyewe, ambao haukulitenga eneo lile kuwa dampo. Mahakama ikawapa amri walizoomba. Dampo ni kubwa kuliko nyumba moja, lakini hoja ni ile ile: mamlaka inafungwa na mpango wake. Nairobi nako, chama cha wakazi wa Karen na Langata kimekuwapo tangu 1940, na nguvu yake inatokana na kuwapo hata wakati hakuna ugomvi.

Hilo la mwisho naliombea sana huku kwetu. Kamati ya wakazi ya watu watano, michango midogo, faili moja lenye mchoro, mihtasari na barua zenye mihuri, na mtu mmoja wa kupita ofisi ya mtaa kila mwezi kuuliza kama kuna maombi mapya. Gharama za kesi zinatisha, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake TAWLA na taasisi ya haki za ardhi HAKIARDHI wamefanya kazi na watu wenye migogoro ya namna hii. Waendeeni na faili hilo, si na hadithi.

Na mkishinda, msitawanyike siku hiyo. Ombeni uamuzi kwa maandishi, halafu rudini kwa afisa mipango miji mhakikishe mchoro ulioko ofisini unaonyesha eneo la wazi kama zamani. Wekeni alama za mpaka kwa ridhaa ya halmashauri, pandeni miti, na mlitumie eneo hilo kila wiki, kwa sababu kiwanja kinachoonekana hakina mwenyewe kitapata mwombaji mwingine. Mkishindwa, bado mnaweza kupata masharti: mtaro wa maji ujengwe kwanza, shimo lisogezwe upande wa pili, ukuta urudi nyuma, njia ya miguu ibaki wazi. Masharti hayo yaandikwe ndani ya kibali chenyewe, na kamati ipate nakala kabla ya mafundi kurudi kazini.